Mashine za Kufulia Zilizokufa na Zinazosingiziwa Kufa: Uainishaji wa Awali, Kinondoni na Temeke

Elimu ya viumbe imewapa majina mende, konokono na kuvu wa kila namna, lakini hakuna msomi aliyekaa chini akaainisha mashine za kufulia zilizosogezwa uani, zikafunikwa khanga kuukuu, zikisubiri hukumu. Pengo hili ni la aibu. Mwaka 2010 Hans Rosling, yule mtaalamu wa takwimu wa Sweden, alipanda jukwaani na mashine ya kufulia akawagawa walimwengu kwa kigezo kimoja: nani anayo, na nani anafua kwa mikono. Kazi nzuri, ila iliishia pale ambapo mashine inafanya kazi. Yeye aliwagawa watu kwa mashine. Sisi tutazigawa mashine kwa vifo vyake.

Eneo la utafiti ni Mwananyamala na Mwenge kwenda Tegeta na Bunju kwa upande wa Kinondoni, na Tandika na Mtoni kwenda Mbagala na Chamazi kwa upande wa Temeke. Ubungo ilishamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, lakini mashine za huko hazijapewa taarifa, kwa hiyo tumevuka mipaka bila kibali. Mbinu iliyotumika ni kukaa kwenye benchi la fundi na kunyamaza. Swali ni lile lile linaloulizwa kila nyumba: itengenezwe, au inunuliwe nyingine?

Tuanze na nadharia iliyopo. Kanuni ya Nusu Bei, inayonukuliwa sana Marekani na Ulaya, inasema kwamba gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, nunua mpya. Ni kanuni ya nchi ambako fundi akigonga mlango tu ameshadai. Ukiileta Tandika inavurugika, wala si kwa sababu hatujui hesabu. Ufundi wetu ni wa bei nafuu na spea inachomolewa kwenye maiti ya mashine nyingine, kwa hiyo bili karibu zote zinaangukia chini ya nusu. Kwa kanuni hiyo hakuna mashine itakayokufa Dar es Salaam. Itatengenezwa kabla ya Ramadhani, itatengenezwa tena shule zikifungwa, itatengenezwa Krismasi, kila mara kwa pesa ndogo, hadi mwenyewe awe ameinunua upya bila kujua.

Sisi tunapendekeza kipimo cha miezi. Tuseme mashine mpya ya mlango wa mbele ni laki tisa, na tuseme itaishi miaka sita. Hiyo ni laki na nusu kwa mwaka, yaani shilingi 12,500 kwa mwezi. Fundi akitaja laki na ishirini, usibishane naye kuhusu bei. Muulize kama kazi yake itafika miezi kumi. Hapo utamwona anatafuta bisibisi aliyoishika mkononi.

Sasa ngeli zenyewe.

Ngeli ya kwanza, tuliyoitanguliza kwa wingi wake, ni ya mashine zinazosingiziwa. Hizi haziumwi. Inayoumwa ni nyumba. Mashine ya mlango wa mbele inaingiza maji kwa vali ya umeme, na vitabu vingi vya maelekezo vinadai maji yaje kwa shinikizo lisilopungua 0.5 bar. Kwa lugha ya uani, maana yake maji ndani ya tanki yawe karibu mita 5 juu ya mashine. Sasa tazama nyumba zetu. Maji ya DAWASA yanakuja usiku wa manane, yanaingia kwenye simtank lililokaa juu ya kozi tatu za matofali, na kutoka hapo yanashuka polepole kwenda bafuni. Mashine inafungua vali, inasubiri. Maji yanachuruzika. Inasubiri tena, kisha inaandika herufi mbili kwenye kioo na kupiga mlio. Familia inazisoma zile herufi kama hati ya kifo, na jioni hiyo hiyo shemeji anatumwa Kariakoo kuulizia bei. Katika mgao wa maji kama ule wa Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua, ngeli hii huzaliana.

Ndani ya ngeli hii kuna ukoo wa vichujio. Nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapofungwa, kuna kichujio cha wavu chenye ukubwa wa kifuniko cha soda, nacho kikijaa mchanga wa kisima basi mashine nzima hunyimwa maji. Chini mbele, upande wa kulia au kushoto, kuna kimlango kingine ambacho wenye mashine wengi wamekipangusia vumbi kwa miaka bila kukifungua. Nyuma yake ndipo kilipo kichujio cha pampu ya kutolea maji. Kikifunguliwa hutoka kikombe cha maji meusi, kisha sarafu ya shilingi 200, kifungo cha sare ya shule, pini ya mtandio na waya wa sidiria. Mtafiti anashauri kimlango hicho kifunguliwe kabla ya kumpigia fundi simu, na waya wa sidiria utolewe bila mjadala wa ni wa nani.

Sabuni nayo ina kesi ya kujibu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu, maana mfuaji wa beseni haiamini sabuni isiyofura. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo ni fujo. Nguo zinaelea badala ya kupigwa, kipima maji kinadanganyika, na mashine inasuuza na kusuuza tena hadi tanki linakauka. Kisha inalaumiwa kwa kula maji.

Zipo pia zinazopiga shoti. Hapa utani ukae pembeni kidogo. Mashine za kisasa huvujisha umeme kidogo sana kwenye bodi la chuma, na umeme huo unatakiwa ukimbilie ardhini kupitia waya wa ethi. Nyumba isiyo na ethi inauacha ukae pale pale unamsubiri mwenye mikono mibichi. Wakati mwingine si huo mdogo, ni waya uliochubuka ndani. Kwa vyovyote vile mashine ichomolewe siku hiyo hiyo, aitwe fundi umeme apime ethi ya nyumba kwanza. Kununua mashine mpya na kuichomeka kwenye soketi ile ile hakujamtibu mtu.

Ngeli ya pili ni ya matangi mawili: moja la kufulia, moja la kukamulia. Wenye mashine za mlango wa mbele huzidharau, na mtafiti amegundua kwamba dharau hiyo haina msingi wowote wa kisayansi. Haina bodi ya elektroniki. Ina mota mbili, kapasita, mkanda, breki ya kikamulio na saa ya kuzungusha inayokwenda kwa springi. Haijali simtank liko wapi kwa sababu unaweza kuijaza kwa ndoo. Ugonjwa wake mkuu unajulikana kwa sauti: inanguruma lakini haizunguki. Mahojiano yafuatayo yalisikika barazani Mbagala:

"Mama, mota imeungua hii."

"Imeungua mbona inanguruma, fundi?"

"Ndiyo inaungua sasa hivi, mama."

Haikuwa imeungua. Mota inayonguruma bila kuanza, lakini ukiichomoa unakuta kisahani chake kinazunguka vizuri kwa mkono, mara nyingi imeishiwa kapasita tu, kile kiboksi kidogo cheusi kinachoipa msukumo wa kuanzia. Ni spea ya bei ndogo na kazi ya muda mfupi. Ikiachwa ingurume hivyo hivyo wiki nzima, hapo kweli mota itaungua, na fundi atakuwa nabii. Hukumu ya ngeli hii haina rufaa: tengeneza, na uendelee kutengeneza, mpaka siku plastiki ya tanki lenyewe itakapopasuka.

Ngeli ya tatu ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi. Ni ya mashine zinazolia. Zinafua vizuri, zinasuuza vizuri, lakini zikifika kukamua zinatoa sauti ya ndege inayoshuka Kipawa, na mtoto mchanga wa jirani anaamka. Chanzo ni beringi. Pipa la chuma linazunguka juu ya shafti inayopita katikati ya beringi mbili, na mbele ya beringi kuna sili ya mpira inayozuia maji. Sili ikichoka, maji yanapenya, na huku kwetu mengi ni ya kisima na yana chumvi. Yanaosha grisi, kutu inaingia, na kwa mizunguko 1,200 kwa dakika kutu haivumiliki.

Beringi yenyewe si tatizo. Ina namba, na namba hiyo ni ya dunia nzima. Beringi 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetoka Sweden au China, na muuza duka Gerezani atakupa bila kuuliza inakwenda kwenye mashine ya kufulia, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Tatizo ni njia ya kuifikia. Mashine nyingi za miaka hii zimekuja na tanki la plastiki ambalo nusu zake mbili zimeunganishwa kiwandani kwa joto, bila skrubu hata moja. Kampuni inataka ununue tanki zima. Bei ya tanki zima, pamoja na kulisubiri, ndiyo inayowafanya Wazungu waseme nunua mpya.

Fundi wa Mtoni hasemi hivyo. Analitoa tanki, analiegemeza kwenye tairi kuukuu, anachora mstari kwa kalamu ya wino mzito kuzunguka maungio, kisha anachukua msumeno wa chuma. Anakata taratibu, anageuza, anakata, unga wa plastiki unamwagikia ndala zake. Tanki likigawanyika anazitoa beringi kwa nondo na nyundo, anasafisha kikalio chake kwa msasa, anaingiza mpya na sili mpya, anapaka grisi isiyoshindwa na maji. Halafu anatoboa matundu kuzunguka ukingo wote, anapaka silikoni, anafunga kwa boliti na nati. Tanki lililozaliwa bila skrubu linarudi nyumbani na boliti kibao, na safari nyingine litafunguka kwa spana. Kwa maoni ya mtafiti hii ni hatua mbele ya kiwanda.

Lakini kabla beringi mpya hazijaingizwa, mwenye mashine asimame pale na aangalie kitu kimoja. Nyuma ya pipa kuna fremu ya mikono mitatu, kwa kawaida ya aluminiamu, inayolishikilia pipa kwenye shafti. Sabuni na chumvi huila. Tanki likifunguliwa, chukua bisibisi uibonyeze mikono ile. Ikiwa migumu, endelea na beringi, fedha yako ina miezi mingi ndani yake. Ikimomonyoka kama unga wa muhogo, mwambie fundi asante, mlipe ufunguzi, na usikubali maneno ya "tutaichomelea". Hakuna hukumu iliyo wazi kama hiyo katika fani hii nzima.

Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili kwa njia yake. Tangu Machi 2021 watengenezaji wanaouza huko wanatakiwa spea kuu za mashine za kufulia zipatikane kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya toleo husika kuingia sokoni, na Ufaransa mwaka huo huo ilianza kuzipa mashine alama, kati ya 10, za urahisi wa kutengenezeka. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, ila tuna eneo nyuma ya banda la fundi. Pale zimepangwa maiti za kila toleo, milango imeng'olewa, waya zimening'inia, na kila mmoja anatoa alichobarikiwa nacho: huyu pampu, yule mpira wa mlango, yule kufuli. Fundi mwenye maiti nyingi ana thamani kuliko fundi mwenye cheti, ingawa aliyepita VETA Chang'ombe na akawa na maiti pia, huyo shikilia namba yake.

Ngeli ya nne: zilizopigwa na umeme. Umeme wa kwetu hauui unapokatika, unaua unaporudi. Katika mgao ulioanza 2023 na kuingia mwaka 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 haijaanza kuwashwa mmoja mmoja, kila nyumba ilijifunza kukimbilia soketi. Mashine inayopigwa inazima kabisa, taa hata moja haiwaki, na fundi anasema "bodi imekwenda". Neno hilo lipokelewe kwa tahadhari. Pale umeme unapoingilia kwenye bodi kuna fyuzi, na karibu yake kidude cha duara mithili ya kidonge ambacho kazi yake ni kufa badala ya wengine volti zikipanda. Mara nyingine kilichokufa ni hicho tu pamoja na fyuzi, na fundi redio wa mtaa huo huo anavibadilisha kwa bei ya nauli. Lakini bodi ikiwa imeungua hadi imeacha weusi, hapo mambo ni magumu, kwa kuwa bodi haina namba ya dunia nzima kama beringi. Inataka toleo lake lile lile, na pacha wa tumbo moja anaweza kukataliwa. Bodi ya kutafutwa mwezi mzima, ya mtumba, isiyojulikana ilitoka kwenye ajali gani, ikapandishwa kwenye mashine yenye umri wa miaka saba: uza.

Tawi dogo la ngeli hii ni mashine zilizotumika zilizotoka Japani. Kule umeme wa majumbani ni volti 100, huku ni 230. Ikichomekwa moja kwa moja huishi muda wa kutosha kusema bismillahi. Bila transfoma inayobeba mzigo wake, isinunuliwe hata kama ni ya bei ya kutupa.

Na hita? Hita ikifa Njombe ni msiba, ikifa Mbagala ni taarifa. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunakula zaidi ya nusu uniti ya LUKU kwa mfuo mmoja, na wengi wetu hatujawahi kuitumia. Mashine ambayo hita yake imekufa ichaguliwe programu ya maji baridi. Ikikubali kuendelea, imepona.

Panya tutawapitia haraka. Mashine nyingi ziko wazi chini, ndani kuna joto na giza, na panya wa Dar es Salaam hukata nyaya bila kujali chapa. Unga nyaya, ziba chini kwa wavu wa chuma, yaishe.

Sasa kuna jambo ambalo wataalamu wa kanuni hawaliandiki. Uamuzi wa kutengeneza au kununua hautegemei mashine peke yake, unategemea kikao. Baba anasema tusubiri mwisho wa mwezi. Mama mkwe aliyekuja kutibiwa Muhimbili anasema yeye amelea watoto wote kwa beseni na sabuni ya mche na hakuna aliyekwenda shule mchafu. Shemeji ana mtu wake anayeleta mashine kutoka Dubai. Dada wa kazi hana kura, na ndiye anayeinama kwenye beseni wakati kikao kinaendelea. Kila mahali tulipokaa, kesi ilichelewa pale ambapo anayeamua si anayefua. Dawa tunayopendekeza ni ndogo: mwamuzi apewe Jumamosi moja, shuka za vitanda vyote na jinzi mbili. Jumapili fundi atakuwa ameshapigiwa.

Kikao kikichelewa mno, mashine huhamia ngeli ya mwisho, ya samani. Inawekewa kitambaa, inakaliwa na chupa za chai na hotipoti, ndani yake panahifadhiwa viatu vya mvua. Baadhi hupata maisha ya pili, pipa lake lenye matundu likawa jiko la mishikaki. Nyingine hungoja kijana wa chuma chakavu apite na mkokoteni wake na spika inayorudia friji mbovu, pasi mbovu, betri mbovu. Nchi ina kanuni za mwaka 2021 za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, lakini zenyewe hazipiti mtaani na spika. Muuzaji ajiandae: mashine ya mlango wa mbele ina mabonge ya zege ndani yake, aghalabu zaidi ya kilo 20, yaliyowekwa ili isirukeruke ikikamua. Wewe unaona uzito, kijana anaona zege, na zege halilipwi. Mota itolewe kwanza, iuzwe peke yake kwa fundi.

Basi kwa aliyefika mwisho na ameamua kununua. Maji, umeme na sabuni vilivyoiua ya kwanza bado vipo nyumbani vinaisubiri ya pili. Nyumba yenye tanki chini na maji ya ndoo inunue ya matangi mawili, na isimwonee aibu mgeni yeyote. Anayetaka ya mlango wa mbele ahakikishe ethi, aweke kifaa cha kulinda volti, abadili sabuni. Na kama simtank bado limekaa juu ya kozi tatu za matofali, hela ya mashine mpya ianze kwa fundi wa kuchomelea stendi.